UZI: Semi-oto yako inajam? Kabla hujaiita mbovu tazama kwanza risasi unayoipa

Kamwene wakuu, na wale wa Mbeya ugonile.

Nimeona niandike hili kwa kirefu kwa sababu linaniuma kweli. Mtu analima ekari zake Kilolo au Mbarali, nguruwe pori na nyani wanamtia hasara kila msimu, anahangaika na leseni, anakaguliwa, anasubiri weee mpaka anakubaliwa, ananunua shotigani ya semi-oto (inayojipakia yenyewe risasi inayofuata) kwa hela ya mavuno, afu muda mfupi tu unasikia naiuza hii ni mbovu, inajam. Unamuuliza ulikuwa unatumia risasi gani? Anakujibu za kawaida tu. Hapo ndo shida ilipo wakuu. Kwenye semi-oto hakuna kitu kinaitwa risasi ya kawaida, kuna risasi ambayo bunduki yako inaiweza na kuna ambayo haiiwezi, na hiyo isiyoiweza inaweza kuwa mpya kabisa na ya kampuni yenye jina.

Nianze na inavyofanya kazi maana bila hapo mengine yote ni kubahatisha. Kwenye pampu mkono wako ndo unatoa ganda na kuingiza risasi nyingine, risasi iwe dhaifu iwe kali we unavuta tu unasukuma. Mitutu miwili hivo hivo, unakunja unatoa unaweka. Semi-oto haina mkono. Kazi yote ya kurudisha nyuma bolti (kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), kutema ganda, kubana springi, kupokea risasi nyingine kutoka kwenye bomba la magazini na kuifungia chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) inafanywa na nguvu inayochotwa kwenye risasi uliyotoka kuipiga. Yaani risasi ndo injini na mafuta yake humo humo, ukiweka inayotoa nguvu pungufu mashine inaishia njiani, ndo unakuta ganda limebanwa mlangoni nusu nje nusu ndani, na nyani huyoo kashaondoka na hindi lako.

Sasa nguvu inachotwaje? Huku utakutana zaidi na mifumo miwili. Wa kwanza ni wa gesi. Mtutu una tundu dogo au mawili chini karibu na mbao ya mbele, baruti ikiungua gesi kidogo inapita pale inasukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti. Remington 1100 iliyotoka 1963 ni ya namna hii, Beretta nyingi za A300 na A400 pia, Baikal MP-153 ya Urusi, na hizi za Kituruki zilizojaa sa hivi nyingi ni gesi. Wa pili ni wa ineshia, ambao Benelli wa Urbino kule Italia ndo wameupa umaarufu, kampuni ilianza 1967 na aliyebuni mfumo anaitwa Bruno Civolani. Huu hauna tundu wala pistoni. Unapopiga, bunduki nzima inarudi nyuma kwa teke lakini bolti kwa uzito wake inabaki pale pale kwa kitambo kidogo sana, springi fupi nene iliyomo ndani yake inabanwa, ikishafunguka ndo inairusha bolti nyuma. Mfumo msafi sana, hauingizi masizi ndani, ila unataka teke. Teke likikosekana hakuna kinachosogea.

Watu wengi wanachanganya hapa kwa hiyo nivumilieni kidogo niende taratibu. Kwenye ineshia kinachohesabika ni uzito wa marisau (vile vigololi vya ndani ya risasi) mara kasi yake. Chukua risasi ya gramu 24 inayotoka kwa mita 400 kwa sekunde, na ya gramu 36 kwa kasi hiyo hiyo, ile ya pili inasukuma bunduki kwa nusu tena zaidi ya ile ya kwanza. Tofauti hiyo unaisikia begani na bolti inaisikia pia. Lakini chukua gramu 28 inayokwenda mita 430 na gramu 32 inayokwenda mita 380, piga hesabu uone, ni karibu sawa sawa. Kwa hiyo mtu akikwambia gramu 28 haiendeshi bunduki yangu muulize hiyo 28 inakwenda kasi gani, boksi nyingi zinaandika.

Kwenye gesi hesabu hiyo haitoshi. Kule kinachoamua ni presha iliyobaki wakati marisau yanapita kwenye lile tundu. Risasi nyepesi za mchezo wa kulenga sahani zinazorushwa hewani mara nyingi zina baruti inayoungua haraka sana, presha inapanda juu ghafla hapo kwenye chemba halafu inaporomoka, ikifika kwenye tundu gesi imeshalegea. Risasi nzito hutumia baruti inayoungua polepole, presha inaendelea kusukuma njia nzima, tundu linapata gesi ya kutosha. Ndo maana unaweza kuwa na risasi mbili zote zinapiga kwa nguvu ukiziskia kwa sikio ila moja inaendesha bunduki na nyingine haiendeshi.

Na bunduki zilizotengenezwa kwa ajili ya risasi ndefu za magnum, zile za milimita 76 na 89, mara nyingi ndo zinasumbua zaidi kwa risasi nyepesi. Mtengenezaji kabana matundu au kaweka springi ngumu ili bunduki isijivunje yenyewe ukipiga nzito. Nyingine mpya zina valvu inayotoa nje gesi ya ziada kwa hiyo zinakula karibu kila kitu, ila hata hizo kitabu chake kitakuandikia gramu za chini kabisa. Kisome hicho kitabu jamani. Watu wanakitupa na boksi.

Sasa twende kwenye boksi la risasi lenyewe. Ukilishika dukani tazama geji (upana wa mtutu inaofaa), urefu, gramu, namba ya marisau. Geji 12 zinaandikwa mfano 12/70 au 12/76, hiyo 70 ni milimita za ganda LIKISHAFUNGUKA, yaani baada ya kupigwa. Hili naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndo linaloumiza watu. Risasi ya 76 ambayo haijapigwa inaweza kuingia vizuri tu kwenye chemba ya 70, bolti ikafunga, ukadhani inafaa. Ukipiga mdomo wake unafungukia kwenye sehemu ambayo mtutu unaanza kubana, marisau yanakosa nafasi, presha inapanda kupita kiasi. Kiwango cha juu cha presha cha CIP, wale wanaoweka viwango vya usalama wa silaha Ulaya, kwa risasi za kawaida za geji 12 ni bar 740, na zile kali ni mpaka bar 1050, sasa we ipe bunduki ya zamani bar 1050 na mdomo umebanwa juu yake. Hapo hatuongelei kujam tena tunaongelea mikono na macho. Urefu wa chemba umegongwa kwenye mtutu, kama umefutika mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni apime, usikisie.

Kitu kingine ni mdomo wa risasi. Kuna zilizokunjwa kama nyota na kuna zilizoviringishwa pembeni, hizi za kuviringishwa ni nyingi kwenye risasi za gololi kubwa na zile za kipande kimoja. Kabla hazijapigwa urefu wake hauwi sawa na za nyota hata kama zote zimeandikwa 70, na makali ya mdomo wake yanaweza kugota kwenye ukingo wa chemba wakati zinapandishwa. Kama bunduki yako inatema ganda vizuri sana lakini risasi mpya inasimama pua juu au inagota, usikimbilie springi, angalia kwanza mdomo wa risasi.

Na ganda lililopigwa lina habari nyingi kuliko maneno ya muuzaji. Liokote. Tazama kwanza limeanguka wapi, yakidondoka karibu na mguu wako bolti inarudi kivivu, bunduki iko ukingoni mwa kujam hata kama leo haijajam. Yakiruka mbali mno tena kwa kishindo ujue unaipiga nzito kuliko inavyohitaji. Kisha geuza kitako chake. Kuna jirani yangu huku Mufindi alikuwa analalamika bunduki haitoi ganda, nikamwomba anionyeshe moja, ule ukingo wa chini ulikuwa umekunjuka upande mmoja mahali ambapo kile kindoano cha bolti kinashika, chuma kimevutwa mpaka kimeinama, na ubavuni mwa plastiki kuna mikwaruzo ya urefu inayofanana kwenye maganda yake yote. Hiyo siyo risasi dhaifu, hapo bolti ilikuwa na nguvu ya kutosha kabisa ila ganda liling'ang'ania chemba. Chemba ilikuwa na kutu. Ukiona ukingo mzima haujaguswa na ganda limebanwa mlangoni basi ni nguvu ndogo. Ukiona vipunje vya baruti ambavyo havijaungua vimetapakaa ndani ya mwili wa bunduki, baruti haiungui vizuri, inaweza kuwa imelala kwenye unyevu au risasi ni nyepesi mno.

Naweka nukta hapa kwanza, ulizeni nitajibu ninachokijua. Na kila unapokagua kitu chochote nilichoandika, toa risasi zote, za chemba na za kwenye bomba, mdomo wa mtutu uangalie pasipo na mtu.

---

mpunga_Usangu:

Mkuu umenigusa. Yangu ni ya ineshia, bado mpya, nilipata risasi za gramu 24 kwa jamaa aliyekuwa anapiga sahani, boksi kadhaa kwa bei nzuri. Nikipiga ya kwanza inatoka, ya pili haiingii, ganda linakaa mlangoni. Ajabu mdogo wangu akiipiga wakati mwingine inafanya vizuri. Huwa nakaa kwenye tuta nimeegemeza bunduki kwenye nguzo ya kibanda cha kulindia mpunga, na nimeifungia tochi kubwa pale mbele kwa ajili ya usiku.

---

Mleta uzi:

Kaka hapo umejijibu karibu yote. Gramu 24 ni uzito wa mashindano, ndo kiwango cha ISSF, shirikisho la dunia la michezo ya shabaha, kwenye trap na skeet ambayo ni michezo ya kupiga sahani, zimetengenezwa kwa mtu anayepiga nyingi kwa siku na hataki bega limuume. Kwa ineshia nyingi hiyo iko chini kabisa ya kile inachohitaji au nje kabisa. Kabla hujafanya lolote pata boksi la gramu 32, kama kitabu cha bunduki yako kinaruhusu, ukaone.

Ila hiyo nguzo na tochi ndo vinavyokumaliza zaidi. Nimesema ineshia inataka bunduki irudi nyuma. Ukiikandamiza kwenye kitu kigumu au ukiifungia uzito mbele inarudi kidogo na polepole, ile springi ndani ya bolti haibanwi vya kutosha. Mdogo wako pengine anaipiga akiwa amesimama huru begani. Toa tochi, tumia tochi ya kichwani au mtu mwingine akumulikie, na usiegemeze kwenye nguzo. Mwenye bunduki ya gesi hili halimsumbui sana kwa sababu pistoni haijali bunduki inasogea au haisogei, na kwa mtu anayelinda shamba akiwa amekaa amejibanza mi naona gesi inamfaa zaidi, ingawa wenye Benelli watanirushia mawe.

Na ulivyosema mpya. Nyingi zikiwa mpya zinabana, watengenezaji wenyewe wanashauri uanze na risasi nzito kidogo mpaka vyuma vizoeane ndo uteremke kwenye nyepesi. Wewe umeanza na nyepesi kuliko zote.

---

Ipogolo_darajani:

Mimi nina ya Kituruki ya gesi. Kuna risasi nanunua bei rahisi, kitako kinang'aa njano vizuri tu, za kwanza chache zinakwenda, bunduki ikishapata moto ganda linaganda mle ndani mpaka natumia fimbo kulitoa. Nikiweka za bei ya juu shwari. Ina maana wanatuuzia feki?

---

Mleta uzi:

Siyo lazima ziwe feki mkuu. Chukua sumaku yoyote hata ya spika iliyokufa, igusishe kwenye kile kitako cha njano. Ikishika ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, isiposhika ni shaba kweli. Chuma siyo ubaya, bunduki nyingi zinapiga za chuma miaka nenda rudi, ila tabia yake ni tofauti. Ukipiga, presha inatanua kitako kinabana ukuta wa chemba, presha ikishuka shaba inajirudi kidogo inaachia, chuma laini cha bei rahisi kinajirudi pungufu ya hapo, kinabaki kimebana. Chemba ikiwa laini kama kioo utakitoa tu. Chemba ikiwa na mikwaruzo ya kiwandani au kutu au masizi ya plastiki iliyoyeyuka kwa joto, inakuwa ndo hiyo unayosema, tena inaanza bunduki ikishapata moto.

Kwa hiyo anza na chemba. Siyo mtutu, CHEMBA. Watu wanapitisha kitambaa mtutu mzima wanaona unang'aa wanafurahi, lakini brashi ya mtutu ni nyembamba kwa chemba, inapita katikati haigusi ukuta. Unahitaji brashi pana ya chemba, mafuta ya kusafishia, uzungushe. Kisha kausha, usiache chemba imelowa mafuta. Ukishasafisha ukarudia zile rahisi na bado zinang'ang'ania, achana nazo. Bei rahisi ambayo inakulazimu kuchomeka fimbo kwenye mtutu siyo rahisi, na hiyo fimbo naomba uwe na uhakika kabisa ganda ni tupu kabla hujaichomeka, maana risasi nzima ukiigonga unaijua habari yake.

---

mtu_wa_Makete:

Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna barafu kwenye majani. Bunduki yangu asubuhi mvivu, mchana hiyo hiyo na risasi hizo hizo iko sawa. Naipaka grisi ya kutosha lakini wapi.

---

Mleta uzi:

Grisi ndo mchawi wako. Baridi ya Makete inaifanya nzito, bolti inateleza ndani ya uji mzito, kile kinguvu kidogo cha risasi kinaishia kwenye kusukuma grisi. Futa yote. Weka mafuta mepesi ya bunduki, tone moja kwenye reli za bolti, basi, na kwenye pistoni ya gesi nyingi zinataka kukaa kavu au na mafuta kidogo sana, angalia kitabu.

Upande wa risasi pia baridi inapunguza presha ya baruti kidogo, na joto linaipandisha. Kwa mtu ambaye risasi yake iko sawa hatajua tofauti, ila aliyeko ukingoni baridi inamsukumia upande wa kujam. Sisi wa mkoa wa Iringa tunaliona vizuri, unatoka Mafinga umejikunyata na koti unashuka Pawaga unavua shati, bunduki ni ile ile. Ipime kwa mazingira utakayoitumia. Na wale wanaoacha risasi juu ya dashibodi ya gari huko bondeni jua linawaka waache, joto likizidi presha inapanda na baruti inaharibika mapema.

Wa Tukuyu na Rungwe shida yenu ni mvua na unyevu. Plastiki inavumilia lakini kitako kinashika kutu, na kutu kidogo tu pale inatosha kugoma kuingia. Zile za zamani zenye ganda la karatasi zikishanyonya unyevu zinavimba, usizilazimishe. Ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri, ndani ya sanduku lako la chuma lililofungwa, mbali na watoto, siyo chini ya godoro.

---

baba_Kilolo:

Mi nasema tu ukweli, nunua magnum kila siku, gramu 50 na kitu, mwaka wa ngapi huu haijawahi kujam hata mara moja. Hizi nyepesi ni za watoto.

---

Mleta uzi:

Mzee wangu shikamoo. Naamini kabisa haijajam. Lakini angalia yanapoangukia maganda yako, na fungua ile mbao ya mbele uangalie kama kuna nyufa, na nyuma ya bolti inapogongea kwenye mwili wa bunduki kama kuna alama ya kipigo. Bunduki ya gesi isiyo na valvu ikipigwa nzito kila siku bolti inarudi kwa kasi kuliko ilivyopangiwa, inagonga nyuma, springi zinachoka, pini zinachakaa, halafu siku moja inaanza kujam hata kwa hizo magnum na hapo unaambiwa vipuri hadi viagizwe nje. Tena bolti ikienda kasi sana inaweza kuipita risasi inayopanda kutoka kwenye bomba, inafunga bila kitu chemba. Kuna kujam kwa nguvu kidogo na kuna kujam kwa nguvu nyingi.

Kwa nguruwe pori wa shambani kwa umbali wa shotigani gramu 32 mpaka 36 ya SG au SSG (zile za gololi kubwa) iliyolengwa vizuri inatosha sana. Mimi msimamo wangu ni huo, tafuta risasi NYEPESI KULIKO ZOTE ambayo bunduki yako inaiendesha bila kusita kwenye baridi na ikiwa imechafuka kidogo, halafu panda ngazi moja juu yake. Kaa hapo.

---

binti_wa_chai:

Habari zenu. Marehemu baba ametuachia shotigani ya zamani ya semi-oto, mgongo wake wa nyuma umekatika kama pembe nne, mtutu wote unarudi nyuma ukiusukuma. Leseni tumeshaanza utaratibu polisi kuhamisha. Je hii inatumia risasi za sasa?

---

Mleta uzi:

Pole dada kwa msiba, na hongera kwa kufuata utaratibu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mchezo na silaha ya urithi, wengi wanakaa nayo kimya ndani wanaishia pabaya.

Hiyo unayoielezea inaelekea ni Browning Auto-5 au nakala yake. Ni semi-oto ya kizazi cha kwanza kabisa kufanikiwa, John Browning aliichukulia hataza 1900, FN ya Ubelgiji ndo wakaitengeneza. Ni mfumo wa tatu ambao sikuutaja juu kwa sababu ni nadra, mtutu na bolti vinarudi pamoja nyuma kisha vinaachana. Ukifungua mbao ya mbele utakuta springi kubwa imezunguka bomba, na pete za chuma na shaba. Zile pete ndo breki. Zinapangwa namna moja kwa risasi nyepesi na namna nyingine kwa nzito. Zikipangwa kwa nyepesi halafu mtu akapiga nzito, mtutu unarudi bila breki, mbao ya mbele inapasuka. Zikipangwa kwa nzito ukapiga nyepesi, inajam na watu wanasema imezeeka. Hazijazeeka, nyingi zimepangwa vibaya tu miaka mingi.

Ila usiipige kabla fundi wa silaha hajaitazama. Apime urefu wa chemba maana bunduki za umri huo, hasa za geji 16, nyingine zilitengenezwa kwa risasi za milimita 65, na aangalie kama mtutu una kutu ndani. Risasi za magnum kwake ni mwiko kabisa.

---

mlinzi_Mwanjelwa:

Kazini tuna semi-oto, wametuletea risasi za mpira. Kila ukipiga lazima ukoki kwa mkono. Bosi anasema bunduki irudishwe.

---

Mleta uzi:

Isirudishwe. Risasi za mpira na zile za kishindo tupu zina nguvu ndogo sana, karibu semi-oto zote hazitajikoki nazo, siyo ugonjwa. Zile fupi za milimita arobaini na kitu pia hivo hivo, na juu ya hapo zinageuka geuka kwenye njia ya kupandia. Kazi ya risasi za mpira ni ya pampu. Kuchanganya mpira na za marisau kwenye bomba moja usikubali hata ukiagizwa, usiku kwenye purukushani hutajua ipi iko chemba, na hapo unaweza kuua mtu uliyetaka kumtisha tu.

Kwa kuwa umegusia kuchanganya, kuna hili la geji 20 na geji 12 nyumba moja. Risasi ya geji 20 ikiingia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya 12 inapita chemba inakwenda kukaa mbele kidogo ndani ya mtutu. Bunduki inaonekana tupu. Mtu anasema aah haikuingia, anaweka ya 12 nyuma yake anapiga, mtutu unapasuka mkononi. Ndo maana watengenezaji wengi ganda la geji 20 wanalifanya la njano. Mwenye geji zote mbili atenge makopo, na mfukoni aingie na aina moja tu. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, puu, SIMAMA, toa zote, angalia mtutu kabla ya ya pili, kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau kinaweza kuwa kimebaki humo.

---

mpunga_Usangu:

Kaka nimeelewa, tochi nimeshaitoa. Sasa nikipata hizo gramu 32 nipige ngapi ndo niseme hii imekubali? Maana risasi zenyewe huku ni za kutafuta na zinaandikwa kwenye leseni.

---

Mleta uzi:

Najua, hatuna uhuru wa kupiga boksi kumi kujifurahisha, kwa hiyo kila risasi ya majaribio ifanye kazi. Kwanza sehemu, usipige nyuma ya nyumba, zungumza na polisi wa kwenu wakuelekeze panaporuhusiwa. Na kama mpango wako ni kuitoa shambani uende nayo kuwinda, pita kwanza kwa watu wa wanyamapori uulize, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na kanuni zake zina masharti kuhusu aina ya silaha, kumiliki kihalali na kuruhusiwa kuwindia ni vitu viwili.

Ukishafika, jaza bomba lote kama unavyojaza ukiwa shambani, usijaribu kwa moja moja. Risasi moja ikitoka vizuri inakuthibitishia nusu tu ya kazi, kutema. Kupandisha inayofuata ndo mtihani, na ya mwisho kwenye bomba ndo ngumu zaidi kwa sababu springi imeshalegea. Piga umesimama, bunduki begani imekaa sawa. Kisha jaza tena upige na bunduki ikiwa imeshachafuka na hizo za mwanzo. Mpe na yule mwenye mwili mdogo hapo nyumbani kama naye ana leseni, maana teke analipokea tofauti. Okota maganda yote uyapange chini, yakianguka eneo moja na ukingo haujakunjuka boksi lako la ishirini na tano litakuwa limekupa jibu na zimebaki za shambani. Ikijam hata mara moja andika imejam vipi, ganda lilikuwa wapi, risasi mpya ilikuwa wapi, bolti imesimama wapi, uniletee hapa.

Halafu ukifunga bolti iachie ijifunge kwa springi yake, usiisindikize kwa mkono. Bolti za ineshia zina kichwa kinachozunguka, ukiisindikiza taratibu inaonekana imefunga kumbe haijazunguka mpaka mwisho, unavuta triga inalia tik. Wengi wakisikia hiyo tik wanasema risasi mbovu. Elekeza mtutu pasipo na mtu, subiri kama nusu dakika kwa tahadhari maana risasi nyingine huwa inachelewa kulipuka, ndo uitoe uitazame fataki yake nyuma (kile kidude cha katikati ya kitako kinachogongwa na pini). Ikiwa na alama ya kina cha kutosha ni risasi. Ikiwa na alama hafifu au haina, ni bolti haikufunga. Hizo zenye alama ziweke pembeni, usizirudishe kwenye bomba.

Na risasi zilizokaa kwenye bomba msimu mzima zitoe uziviringishe juu ya meza. Springi inazibana kichwa kwa mkia muda mrefu, plastiki inatumbuka katikati au mdomo unabonyea. Inayoyumba ikiviringika usiitegemee, weka mpya.